Kumpiga picha koa wa baharini
Usimpige koa wa baharini kutoka juu, ataonekana doa la rangi tu. Shuka hadi usawa wa kichwa chake, ulenge zile pembe mbili anazonusia. Zikitoka wazi, picha imekubali, hata mkia ukiwa na ukungu. Nenda taratibu: wengi hubeba matamvua mgongoni kama kishada cha maua, na ukiwasumbua huyafyata ndani mara moja. Taa ni lazima, maana maji humeza wekundu kwanza. Bila taa, rangi uliyoifuata yote itafifia. Humpati? Kagua sifongo zilizoota mwambani, wengi hula hizo. Ukiona utepe wa mayai uliojiviringa, huenda mwenyewe hayuko mbali.