Kabla hujasema "yaishe" barabarani

Elfu thelathini. Ndizo nilizopokea kwa dereva wa gari dogo lililoigonga ubavuni bajaji niliyopanda, pale Tabata. Nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu, kazini nimeshachelewa, nikasema yaishe. Alfajiri yake mkono wa kulia ukagoma kunyanyuka hata kufikia kitasa cha mlango. Picha ikaonyesha mtulinga umevunjika. Namba ya gari sikuwa nayo. Nilikumbuka rangi tu, nyeupe, na Dar magari meupe ni kama dagaa.

Kwa hiyo anzia nyumbani. Andika namba za ndugu wawili kwenye karatasi, iweke kwenye pochi pamoja na kitambulisho. Usitegemee simu: imefungwa kwa alama ya kidole, na ajali ikitokea huwa ya kwanza kupotea. Kama una kisukari, au dawa fulani ukipewa inakudhuru, liandike hapo hapo. Mwenye gari naye aangalie bima yake inaisha lini, na ajue kwamba bima ndogo inawalipa aliowaumiza yeye, si gari lake wala mguu wake mwenyewe.

Ajali ikishatokea, polisi ni 112. Mtu akibanwa ndani ya gari, piga 114, zimamoto na uokoaji. Watu wa Dar wana huruma ya haraka: dakika moja tu wamekukamata mikono na miguu wanakupakia kwenye bajaji. Shingo au mgongo ukiuma, waambie wasikunyanyue, isipokuwa kama gari linawaka au magari mengine yanakuja kasi. Damu ikitoka sana, ikandamizwe kwa kanga safi bila kufunuafunua. Ukiweza kushika simu, au jirani yako akiweza, pigeni picha ya namba za gari, zote mbili kama yamegongana, kabla hayajasogezwa.

Sasa PF3, maana hapa ndipo wengi tunapoteza haki zetu. Ni fomu ya polisi, inatolewa kituoni bure, na daktari ndiye anayejaza sehemu ya majeraha. Aliye mahututi atibiwe kwanza, ndugu aifuate fomu baadaye pamoja na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Ukiwa mbele ya daktari, iwe Amana, Temeke au Mwananyamala, taja kila panapouma, hata kidole. Wanaume tuna tabia ya kusema "hapa kidogo tu, dokta". Maumivu yasiyoandikwa siku ile, bima watakuuliza uliyapata wapi. Toa kopi ya fomu, halafu risiti zote, za dawa, za picha, hata za bajaji ya kwenda kliniki ya MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, ziweke kwenye bahasha moja.

Ukigonga kichwa usilale peke yako usiku ule. Kutapika, usingizi usio wa kawaida, maneno yasiyoeleweka au kichwa kinachozidi kuuma: rudi hospitali muda huo huo, hata kama waliokupokea mchana walikuruhusu.

Dai la fidia linapelekwa kwa kampuni iliyolikatia bima gari lililosababisha ajali. Abiria wa daladala naye anahusika, si mtembea kwa miguu peke yake. Kampuni ikikuzungusha, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Uliyeumia ukiwa kazini, mwambie mwajiri mapema, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Ukiamua kumshtaki mahakamani aliyekuumiza kwa uzembe, sheria inakupa miaka 3 tangu ajali. Na dereva akipigwa faini, usidhani ndiyo umeshalipwa: ile inaenda serikalini.

Dereva akikuomba mmalizane pale pale, usigombane naye. Chukua namba yake ya simu, mwambie, "Kaka, tukaandikishe kwanza, mengine tutaongea." Asiyekubali hilo mtilie shaka.

Bado wapo wanaokuja mpaka wodini. Nadhifu, ana faili kwapani, anakupa pole mara tatu, kisha anakutolea karatasi ya kusaini ili akufuatilie fidia. Ukiwa na dripu mkononi utasaini chochote. Muulize jina kamili, umpe mwanao alitafute kwenye orodha ya mawakili mtandaoni, e-Wakili. Kama halimo, mrudishie kalamu yake.