Redio ya gari imezima kabisa? Fuata moto kabla hujanunua nyingine

Hapa Nyakato, Mwanza, wiki haipiti bila mtu kuniletea redio mpya ndani ya boksi. "Fundi, nifungie hii, ile ya zamani imekufa." Naichomoa ya zamani, naiunga kwenye betri iliyo mezani kwangu, na marehemu anaanza kuimba taarabu. Redio ilikuwa nzima muda wote, ila moto, yaani umeme wa betri, ulikuwa haufiki.

Andaa testa ya balbu, mita ya dijitali, balbu ya indiketa ya wati 21 iliyoungwa nyaya mbili, fyuzi za akiba, bisibisi ya nyota na kipande cha plastiki kigumu cha kung'olea fremu ya dashibodi. Usitumie bisibisi bapa kwenye fremu, itakuachia makovu.

Kwanza hakikisha imekufa kweli

Kama sauti inatoka ila kioo ni cheusi, mulika kioo kwa tochi kwa ubavu. Ukiona picha hafifu, taa ya nyuma ya kioo ndiyo imeungua. Kama kinaonyesha maandishi ya Kijapani na kudai kadi ya ramani, redio haijafa, imejifunga. Toyota nyingi zilizotoka Japani na redio zao hufanya hivyo betri ikichomolewa. Na kama inawaka lakini stesheni hazipatikani, kumbuka redio nyingi za Kijapani zinaishia 90 MHz wakati stesheni zetu zinafika 108. Hayo ni magonjwa mengine. Hapa nazungumzia redio isiyowasha hata taa moja.

Hatua ya 1: fyuzi

Usikimbilie kufungua boksi la fyuzi. Angalia kwanza nini kingine kimezima pamoja na redio. Kwenye Toyota nyingi, fyuzi iliyoandikwa DOME inalisha taa ya ndani pamoja na kumbukumbu ya redio, na kwa kawaida iko chini ya boneti. Ile ya CIG au ACC iko chini ya dashibodi upande wa dereva, inalisha tundu la kiberiti na kuiambia redio kwamba ufunguo umewashwa. Kwa hiyo kama taa ya ndani nayo haiwaki, anza na DOME. Kama chaji ya simu nayo haiingii, anza na CIG. Niliwahi kuletewa Hiace ya daladala ambayo ugonjwa wake wote ulikuwa sarafu iliyotumbukia kwenye tundu la kiberiti. Konda aliitafuta siku nzima.

Fyuzi ina vitundu viwili vidogo mgongoni. Washa ufunguo, gusa vyote kwa testa. Testa ikiwaka upande mmoja tu, fyuzi imekatika. Weka ya ukubwa uleule: kahawia ni ampea 7.5, nyekundu 10, bluu 15, manjano 20. Ukiifunga kwa waya wa shaba, siku ya shoti kitakachoungua ni nyaya za gari badala ya fyuzi.

Hatua ya 2: toa redio

Gari lenye redio ya kudai kodi (namba ya siri) au kadi, usichomoe betri kabla hujawa navyo mkononi. Mengine, chomoa hasi wakati wa kung'oa na uirudishe wakati wa kupima. Ukiona soketi ya rangi ya manjano karibu na usukani, iache, hiyo ni ya eabegi (puto la usalama), na testa ya balbu inaweza kuilipua.

Hatua ya 3: pima nyaya chini ya mzigo (zikiwa zinawasha balbu)

Kwenye redio za kununua dukani, waya wa manjano ni moto wa kudumu, mwekundu ni moto wa ufunguo, mweusi ni athi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri). Kwenye nyaya zenyewe za Toyota mara nyingi utakuta bluu yenye mstari wa manjano, kijivu na kahawia kwa mpangilio huohuo. Manjano na mwekundu vikibadilishana, redio itawaka ila itasahau stesheni kila ukizima gari.

Hapa ndipo mafundi wengi tunapoteleza. Noah moja ya Igoma ilikuja kwangu ikiwa imeshapita kwa fundi aliyesema ubao wa redio umeungua. Mita kwenye manjano ilisoma volti 12.4, safi kabisa. Nikaweka ile balbu ya wati 21 kati ya manjano na nyeusi. Ikatoa mwanga kama kaa linalozimika, na mita ikaporomoka hadi 4. Nikahamisha mguu mmoja wa balbu kutoka nyeusi kwenda kwenye chuma cha bodi. Mwanga haukubadilika, nikajua athi haina kosa, tatizo liko kwenye manjano.

Nilifuata waya hadi chini ya zulia, miguuni pa abiria wa mbele. Kulikuwa na maungio ya kusokota yaliyofungwa tepu. Nilipoifungua, unga wa kijani ukamwagika kiganjani, na ndani zilibaki nyuzi mbili za shaba. Maji yalikuwa yakishuka kutoka chini ya waipa, ambako majani ya mwarobaini yalikuwa yameziba njia ya kutolea maji. Mita haivuti umeme wa maana, kwa hiyo hata uzi mmoja unatosha kuidanganya. Redio inavuta ampea. Nilikata waya uliooza, nikaunga kwa risasi, nikavalisha mpira wa kubana kwa joto, na redio ya zamani ikarudi kazini.

Kupima athi, washa balbu hiyohiyo kati ya manjano na nyeusi ya soketi, kisha weka mita kati ya nyeusi hiyo na hasi ya betri. Ikizidi volti 0.2, tafuta skrubu iliyoshika kutu.

Hatua ya 4: ipime redio mezani

Nyaya zote zikiwa nzima, angalia fyuzi iliyo mgongoni mwa redio, halafu bonyeza kitundu cha RESET kwa pini. Bado kimya? Unganisha manjano na nyekundu pamoja kwenye chanya ya betri kupitia fyuzi ya ampea 10, nyeusi kwenye hasi. Fyuzi ikiruka palepale, muulize mwenye gari kama aliwahi kubusti (kuwasha gari kwa betri ya gari jingine) akageuza nyaya. Mara nyingi daiodi ya ulinzi ndiyo imekufa kuokoa ubao, na fundi wa redio anaibadilisha.

Wenye Fuso

Fuso zinazopakia dagaa pale soko la samaki la Mwaloni zina volti 24, redio nyingi za dukani ni za 12. Madereva wengi huchukua moto kwenye betri moja kati ya mbili. Redio itaimba, ila betri hiyo itachoka huku mwenzake ikichemka kwa chaji. Weka konveta (kifaa cha kushusha volti 24 hadi 12) ya ampea 10, si zile ndogo za kuchajia simu. Kisha fungua sauti kubwa na upime moto unaotoka kwenye konveta: ukishuka chini ya volti 11, rudisha dukani konveta hiyo.