Kuonja biri fupi na kali: Partagás Shorts

Biri hii ya Cuba ina urefu wa milimita 110 na unene wa karibu milimita 17. Ufupi wake usikudanganye, ni kali kweli kweli. Kula kwanza: nikotini tumbo likiwa tupu huleta kizunguzungu na kichefuchefu. Vikikushika, iweke chini, ule kitu chenye sukari.

Ibonyeze taratibu kwa vidole. Ikibonyea kama sifongo, ina unyevu mno na itazimikazimika. Ikilia kama jani kavu, itaungua upesi na kuchoma ulimi. Unyevu wa asilimia 65 hivi kwenye kasha la kuhifadhia biri unatosha.

Kata milimita 2 tu za kichwa, yaani ncha iliyozibwa unayoitia mdomoni. Ukizidisha, jani la nje hufumuka. Ukitumia kiberiti, acha baruti ya njiti iishe kwanza, kisha zungusha ncha ya pili juu ya mwali bila kuugusa mpaka ukingo wote uwe mwekundu.

Vuta mara moja kwa dakika, moshi uishie kinywani, usiumeze. Hapa ndipo wengi huharibu. Njia ya moshi ni fupi, haupati nafasi ya kupoa. Ukiharakisha, ile ladha tamu ya mbao, ngozi na pilipili manga hugeuka uchungu wa lami. Toa moshi kidogo sana kupitia puani, pilipili utaisikia hapo.

Kinywaji chake ni kahawa nyeusi nzito yenye sukari kidogo, au ramu iliyokaa pipani miaka mingi, bila barafu, maana baridi hufifisha ladha. Ladha ya divai nyeupe nyepesi humezwa kabisa na ukali wa biri.

Ikianza kuwa chungu, iache ijizimie yenyewe. Ukiisigina, itanuka chumba kizima.