Kuamsha injini ya Datsun 240Z iliyolala miaka

Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973, mara ya pili Shekhar Mehta akiwa usukani. Leo ukiipata, mara nyingi iko chini ya turubai, tairi hazina upepo, na mwenyewe anaapa kwamba kabureta ndizo zimekufa. Usimwamini. Kwenye injini hii ya L24, silinda 6 na kabureta mbili, kabureta ni kazi ya mwisho.

1. Usipige stata. Toa plagi zote, tia oili kidogo kila tundu, acha ilale usiku kucha. Asubuhi weka spana ya 27 kwenye bolti ya puli ya krenki (shafti kuu ya injini), zungusha taratibu kufuata saa. Ikigoma, ongeza oili usubiri. Ukichomeka bomba kwenye spana upate nguvu, utavunja ringi zilizoshikwa na kutu.

2. Mafuta. Mwaga petroli ya zamani, osha tangi, weka filta na mipira mipya. Badilisha oili ya injini. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu.

3. Valvu. Hapa usiwe na haraka. Injini ikiwa baridi, nafasi ya valvu za kuingiza ni milimita 0.20, za kutolea moshi 0.25. Zungusha krenki mpaka ncha ya kamu (nundu inayosukuma) iachane na roka (mkono unaobonyeza valvu), kisha pitisha fila, kibati chembamba cha kupimia nafasi, kati ya kamu na roka. Ipite kwa kukwaruza kidogo, kama kisu kinavyotoka kwenye ala yake. Nati ya kufungia ni ya 17, ya kurekebishia ni ya 14. Shika ya 14 isisogee unapokaza ya 17, halafu pima upya, maana nati ikikazwa hubadilisha nafasi. Valvu ziko 12. Mimi huweka alama ya chaki kila ninayomaliza.

4. Moto. Nafasi ya platini (swichi ndogo ndani ya distributa) iwe milimita 0.5, ya plagi 0.8 hadi 0.9. Waya za plagi zifuate zamu ya silinda kuwaka, 1-5-3-6-2-4, na rota ya distributa huzunguka kinyume cha saa. Gari nyingi "zenye kabureta mbovu" huponea hapa.

5. Sasa kabureta. Fungua moja, imalize, ndipo ugeukie ya pili. Niliwahi kuweka vifuniko na pistoni zake kwenye beseni moja; kila pistoni ina kifuniko chake, na nilipoteza jioni nzima kuzioanisha. Safisha kwa thina na kitambaa, msasa usiguse. Inua pistoni kwa kidole uiachie: ishuke bila kukwama na igonge "tak". Tia oili nyepesi ya 20 kwenye dampa, kituliza mwendo cha pistoni hiyo.

Nati ya mchanganyiko wa petroli na hewa, chini ya kabureta, ipandishe mpaka mwisho, kisha irudishe chini mizunguko 2 na nusu. Washa, acha ipate moto. Weka ncha ya mpira mwembamba sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, halafu ya nyuma. Rekebisha skrubu za mwendo mpaka mivumo miwili ilingane.

Plagi za silinda 1 hadi 3 zikiwa nyeusi na nyingine za kahawia, kabureta ya mbele inamwaga petroli nyingi: pandisha nati yake robo mzunguko, uzisome tena baada ya safari fupi.