Mbu wa Matema hawatoki ziwani: namna ya kuwasaka mtaani kwako

Mtu akihamia Matema, huku kwetu Kyela, akitokea kwenye baridi ya Uyole, Mbeya, wiki ya kwanza lawama zote ni za Ziwa Nyasa. Akiona lile wingu jeusi likipanda kutoka majini kama moshi, ndiyo basi, anakimbilia dukani kununua dawa ya kupuliza. Okoa hela yako. Wale ni vijidudu visivyouma, na wapo watu wa mwambao huu wanaovikamata na kuvila. Mbu anataka maji yaliyotulia. Penye mawimbi na samaki, viluwiluwi vyake havina maisha.

Hatua ya kwanza: zunguka. Chagua siku moja ya wiki na uishike, maana kwa joto letu yai huweza kuwa mbu anayeruka ndani ya siku saba hadi kumi. Ukiruka wiki mbili, wamekuzidi. Vaa buti, beba jembe na bakuli jeupe. Mimi huanzia ufukweni, kwenye mitumbwi iliyopandishwa mchangani ikajaa mvua. Hapo watu wengi hupita tu. Kisha mashimo yaliyochimbwa udongo wa tofali, nyayo za ng'ombe, majaruba ya mpunga, kingo za vijito zenye matete, matairi, na marundo ya maganda ya kakao yaliyokinga maji.

Hatua ya pili: chota. Hapa ndipo wengi hukosea. Sogea polepole ukiwa umelielekea jua, kivuli chako kibaki nyuma. Kikitangulia, viluwiluwi huzama na utasema maji ni safi. Inamisha bakuli kando ya majani, acha maji yaingie yenyewe, halafu tulia. Kiluwiluwi cha Anofelesi, mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Kinachoning'inia kichwa chini ni cha mbu wengine, mara nyingi wale wa maji machafu. Ukiona vilivyojikunja kama alama ya mkato, fanya haraka: siku mbili hivi, wanaruka.

Hatua ya tatu: ondoa maji, dawa baadaye. Pindua mtumbwi (mwombe mwenyewe kwanza, usilete ugomvi). Fukia shimo, toboa tairi, tawanya maganda. Bwawa lisilofukika, weka perege. Panapobaki, tumia viuadudu vya kibaiolojia, vile vinavyotengenezwa Kibaha, kwa kipimo cha kwenye chombo. Vina bakteria ambao kiluwiluwi huwala akafa. Wale waliojikunja hawali chochote, kwa hiyo dawa hii haiwagusi. Maji yao yamwage kwenye mchanga mkavu. Oili chafu usimwage, tafadhali. Mvua ya Aprili ikija, yote inaishia ziwani tunakochota.

Hatua ya nne: choo na nyumba. Funika tundu la choo, na bomba la hewa livishwe wavu juu. Nyumbani, madirisha watu huyakumbuka. Uwazi ulio kati ya ukuta na bati husahaulika, na Anofelesi hupenda kupita hapo hapo. Uzibe kwa wavu, usiuzibe kwa tofali, la sivyo kwa joto la Kyela mtalala nje.

Hatua ya tano: chandarua chenye dawa. Kichomekee chini ya godoro. Kifue kwa sabuni ya kawaida, kikaushie kivulini, kwani jua huharibu dawa. Kimetengenezwa kihimili kufuliwa mara 20 hivi, yaani kama miaka mitatu. Kikichakaa usikipeleke ziwani kuvulia usipa, wale dagaa wa ziwa letu: matundu yake hayaachi hata kifaranga cha samaki, na ni kosa kisheria. Kata vipande vilivyo vizima, upigilie kwenye ule uwazi wa chini ya bati.