Fundi wa kujitegemea: mlipe kwa hatua

Wenye maduka na nyumba za wageni hapa Tanga, hasa Ngamiani: fundi wa kujitegemea si mwajiriwa wako. Usimpangie saa ya kuingia. Kubalianeni kazi, bei na tarehe ya kumaliza, muandikiane hata kwa ujumbe wa simu. Saruji ananunua nani? Lipu ikipasuka, nani anarudia kwa gharama yake? Ugomvi mwingi huanzia hapo. Malipo yaende kwa hatua: mabomba yakijaribiwa maji na hayavuji, unalipa, rangi ikikamilika, unalipa. Kiasi kibaki hadi ukaguzi wa mwisho (wengine watanuna, waache wanune). Halafu waulize TRA (mamlaka ya mapato) kuhusu kodi ya zuio, yaani ile unayoikata kwenye malipo ya fundi na kuiwasilisha kwao, ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma, kabla hujatoa hela.