Umepewa barua ya kujieleza kazini? Zingatia haya kabla ya kikao

Ukikabidhiwa barua ya kujieleza, yaani barua ya mwajiri inayokutaka ujibu tuhuma dhidi yako, ipokee, andika tarehe na saa uliyoipokea, kisha uende nayo nyumbani uisome tena polepole. Usiijibu kwa mdomo mlangoni kwa meneja. Usiijibu kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi, hata kama mmezoeana. Nimeketi kando ya wenzangu katika vikao vya nidhamu nikiwa mwakilishi wa wafanyakazi, hapa Nairobi, kwanza Industrial Area na baadaye Mombasa Road, na nimeona kwamba anayepigwa kalamu, yaani anayefutwa kazi, vibaya mara nyingi huwa ameshaumia kabla kikao chenyewe hakijaanza.

Anza kwa kujua kikao ni haki ya nani. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinasema mwajiri anayefikiria kukuachisha kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kutoweza kazi kwa sababu ya afya lazima akueleze sababu hiyo kwa lugha unayoielewa, ukiwa na mwenzako wa kazi au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi uliyemchagua mwenyewe. Kisha lazima akusikilize wewe na huyo uliyekuja naye kabla ya kuamua. Hata yale makosa ya kufukuzwa papo hapo yaliyo katika kifungu cha 44, kama kulewa kazini, kutoroka kazi, kutukana au kushukiwa kumwibia mwajiri, hayamwondolei mwajiri wajibu wa kukusikiliza kwanza. Na kifungu cha 43 kinamtaka athibitishe sababu zake. Kwa hiyo usiingie ukiinama kana kwamba umefanyiwa hisani.

Hapo kwenye lugha simama kidogo. Barua hizi Nairobi huandikwa kwa Kiingereza kizito cha mawakili, na nimeona watu wazima wakitikisa kichwa kukubali mashtaka wasiyoyaelewa kwa sababu waliona haya kuuliza. Mwanzoni kabisa mwa kikao sema: “Naomba tuongee Kiswahili, na naomba ombi langu liandikwe kwenye kumbukumbu.” Wakikataa, na hilo pia liandikwe.

Mtu wa kuandamana naye umchague kwa makini. Sheria haikupi nafasi ya kwenda na wakili wako wala ndugu yako. Inasema mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama. Usimchukue rafiki anayeshukiwa kwa jambo hilo hilo, wala kijana aliye chini ya meneja atakayeongoza kikao, maana utamtia taabuni naye hatafungua mdomo. Chukua anayejua kuandika haraka. Mpe barua siku moja kabla. Kazi yake ni kunakili nani aliuliza nini, nani hakuwepo, kikao kilianza saa ngapi na kikaisha saa ngapi.

Muda wa kujiandaa haukuwekewa idadi ya siku katika kifungu cha 41. Mahakama huangalia kama ulipewa nafasi ya kutosha. Ukipewa barua saa kumi na moja jioni uitwe saa mbili asubuhi, andika mara moja kuomba muda zaidi, na utaje ni kwa nini: nahitaji karatasi za stoo za mwezi uliopita, nahitaji kumpata shahidi wangu. Ombi lisilo na sababu hukataliwa kirahisi.

Nyaraka ziombe kwa majina yake. “Nipeni ushahidi” haitoshi. Sema rejista ya mahudhurio ya wiki fulani, karatasi ya kuhesabu mali, picha za kamera za lango la pili. Katiba, ibara ya 35, inampa raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa mtu mwingine ikiwa anaihitaji kulinda haki yake, kwa hiyo taja ibara hiyo kwenye ombi lako. Zako mwenyewe ziweke nje ya ofisi mapema: mkataba, hati za mshahara, fomu za P9 zinazoonyesha mshahara na kodi uliyokatwa, barua za onyo na za pongezi pia. Ila usinakili orodha ya wateja wala siri za kampuni ukidhani unajilinda, kwani utawapa shtaka la pili lililo rahisi kuliko la kwanza.

Wewe unayelipwa kwa siku, usikubali kuambiwa kwamba kibarua hana kikao. Kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa jumla isiyopungua mwezi mmoja, au anayepewa kazi isiyotarajiwa kumalizika ndani ya miezi mitatu, huhesabiwa kama mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi. Taarifa yako ya M-Pesa inayoonyesha malipo ya kila Jumamosi ni ushahidi mzuri sana. Itoe na uichapishe.

Jibu la maandishi liwe fupi. Jibu kila shtaka kwa mpangilio wake. Usimtaje mwenzako kama mwizi bila karatasi mkononi.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike.

Katika kampuni moja niliyofanya kazi, mwenzetu wa stoo, mtu wa miaka tisa pale, alipewa barua ya kujieleza siku ya Jumatano. Katoni za mafuta ya kupikia zilikuwa zimepungua kwenye hesabu. Kikao kiliwekwa Jumatatu. Tukajipanga, mimi nikiwa mwakilishi wake. Ijumaa jioni, mimi nikiwa nimeshatoka, alipigiwa simu ya ndani: “Mzee, pitia ofisini kabla hujaondoka.” Akakuta watu watatu: meneja wa rasilimali watu, mkuu wa walinzi na karani. Mezani palikuwa na karatasi nyeupe na kalamu.

Aliniambia baadaye kwamba hakuna aliyempigia kelele. Walimwongelesha kwa upole. “Mzee, hatutaki kukuharibia jina. Ukiandika mwenyewe kwamba unaacha kazi, tutakulipa pesa zako, tutakupa cheti cha utumishi, na maneno ya polisi yaishie hapa. Ukingoja Jumatatu, sisi hatujui.” Akaomba ampigie mkewe. Akaambiwa aharakishe, ofisi ya malipo inafungwa. Ana mtoto kidato cha tatu, anaishi nyumba ya kupanga mtaa wa Pipeline, na neno polisi lilimtoa jasho. Akaandika kwa mkono wake. Sentensi ya mwisho, ile ya kuishukuru kampuni kwa nafasi aliyopewa, karani ndiye aliyemsomea.

Jumatatu nilifika na karatasi zetu. Katoni zile hazikuwa zimepotea. Zilikuwa zimehamishiwa tawi la nje ya Nairobi kwa hati iliyotiwa saini, ila hakuna aliyeingiza uhamisho ule kwenye kompyuta. Kikao kingechukua dakika chache tu. Nikaambiwa hakuna kikao, mfanyakazi ameshajiuzulu.

Yaliyofuata ndiyo yanayouma. Hesabu yake ilipotoka, alikuwa amekatwa mshahara wa mwezi mzima, kwa sababu aliyeacha kazi bila notisi humlipa mwajiri badala ya notisi, na kifungu cha 36 kinaruhusu hivyo kwa pande zote mbili. Alikuwa akitarajia kiinua mgongo cha miaka tisa. Malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliotimizwa, yale ya kifungu cha 40, ni ya mtu ambaye nafasi yake ya kazi imeondolewa. Na malipo ya utumishi ya kifungu cha 35 hayamhusu anayechangiwa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Akabaki na siku alizofanya kazi na likizo ambayo hakuwa ameichukua, vitu ambavyo angelipwa hata kama angefukuzwa.

Tulikwenda naye kwa wakili. Wakili akasoma barua ile mara mbili, akaiweka chini. Kesi ya kuachishwa kazi bila haki, alitueleza, huanza kwa mfanyakazi kuonyesha kwamba aliachishwa. Ndivyo kifungu cha 47 kilivyogawa mzigo wa ushahidi. Baada ya hapo ndipo mwajiri hutakiwa kueleza sababu. Hapa mwajiri ana barua ya mkono wa mfanyakazi, tena yenye shukrani. Kusema alilazimishwa kunawezekana, na mahakama zetu zinatambua mtu anayesukumwa hadi akaacha, lakini mzigo wa kulithibitisha ni wake, na mle ndani walikuwa watatu dhidi ya mmoja.

Tazama pia walichomuuzia. Cheti cha utumishi ni haki ya kila aliyeachana na kazi baada ya wiki nne mfululizo au zaidi, awe amefukuzwa au ameondoka, chini ya kifungu cha 51, na mwajiri anayekinyima anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Barua ya kukusifu ndiyo asiyolazimika kukupa. Na kuhusu polisi, kujiuzulu hakumzuii mtu yeyote kupiga ripoti kesho yake. Alinunua vyake mwenyewe kwa kazi yake.

Kwa hiyo ukiitwa kabla ya kikao, mwambie mtu wa karibu unakwenda wapi. Ukiwekewa karatasi mbele, sema: “Nimeelewa. Nipeni pendekezo lenu kwa maandishi, nitajibu baada ya kushauriana.” Sema hivyo, inuka, toka. Wakikuzuia, jioni hiyo hiyo tuma baruapepe ukieleza ulizuiwa saa ngapi na nani alikuwepo. Kama umeshaandika na moyo unakusuta, andika tena kabla hujalala kwamba barua ile uliitoa kwa shinikizo na unaiondoa. Haitakuhakikishia kazi, lakini ni ushahidi ulioandikwa siku ile ile, na ndio mwenzetu aliokosa.

Sisemi kujiuzulu ni kubaya kila wakati. Kuna anayejua ana kosa na anataka kuondoka kwa makubaliano. Hilo lifanyike mchana, kiasi kikiwa kimeandikwa, notisi ikiwa imesamehewa kwa maandishi, na saini za pande zote mbili.

Kikao kikiisha, soma kumbukumbu kabla ya kutia saini. Zikiwa na kosa, andika kando ya saini yako “nimepokea, sikubaliani na aya ya tatu.” Wakikupa fomu ya malipo ya mwisho inayosema huna dai lingine lolote, usiitie saini kwa sababu tu hundi imeambatanishwa. Mahakama imewahi kuwarudisha watu nyumbani kwa fomu kama hiyo walipoonekana kuitia saini kwa hiari.

Makato nayo yaangalie. Mwajiri anaweza kukata kiasi cha kuridhisha kwa mali uliyoiharibu au kuipoteza kwa makusudi, lakini makato yote pamoja hayapaswi kuzidi theluthi mbili za mshahara wako. Hawezi kuufuta wote.

Uamuzi ukikuangukia vibaya, hesabu tarehe. Malalamiko kwa afisa wa leba ni ndani ya miezi mitatu tangu kufutwa kazi. Kesi katika Mahakama ya Ajira na Leba, ambayo hapa Nairobi iko Milimani, ni ndani ya miaka mitatu, na mazungumzo na mwajiri hayasimamishi saa hiyo. Kuna waliongojea “tutakupigia” hadi muda ukapita. Fidia ya kuachishwa bila haki ina kikomo cha mishahara ya miezi 12, na si kila anayeshinda hupewa yote 12, kwa hiyo usikope ukitegemea kesi.

Na ukiwa na kesi ya jinai juu ya jambo lile lile, mwambie wakili wako juu ya yote mawili. Kuachiliwa na hakimu si lazima kukurudishe kazini. Ni njia mbili tofauti. Simu ya kazi irudishe kwa kutiliwa saini. Funguo na sare pia. Usiandike neno Facebook. Angalia akaunti yako ya NSSF na ya SHA, ile ya bima ya afya, uone kama yale uliyokuwa ukikatwa yalifika, maana aliyeharakisha kukutoa huenda ana na mengine ya kuficha, na huo ndio wakati wa kuyajua, ukiwa bado unakumbuka ulilipwa nini mwezi gani.